Namna ya Kuchagua Plaizi Itakayodumu

Katika nyumba nyingi za Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, hukosi kuona kikopo cha zana chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Ukikipindua, humwagika misumari iliyopinda, bisibisi isiyo na mpini, na plaizi moja yenye kutu ambayo hakuna akumbukaye ilinunuliwa lini. Siku zote hakuna akijaliye kikopo hicho. Lakini siku koki inapopasuka usiku, watu wote wa nyumbani hukitafuta.

Leo twapenda kuzungumza nawe juu ya plaizi ya bomba, yaani ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kupunguzwa kwa kuhamisha kiungo chake. Usiichanganye na ile spana ya kurekebishwa kwa kidole gumba, ambayo jina lake la gereji si la kuandikwa katika gazeti la nyumbani.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amemaliza kujifunza ufundi bomba. Fedha zake zilikuwa chache, basi akanunua plaizi kwa mchuuzi wa barabarani, akafurahi kuona imemgharimu kidogo. Jioni moja aliitwa kukaza nati ya koki katika nyumba ya watu. Plaizi ikateleza, nati ya shaba ikanyonyoka pembe zake, na mkono wake ukagonga ukuta, ukachubuka vidole vitatu. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi. Safari hii bomba likakatika palepale ukutani, maji yakafurika hadi chumbani, yakalowanisha godoro na unga. Kazi ile hakulipwa, bali alilipa yeye.

Asubuhi alikwenda kwa mjomba wake, fundi wa miaka mingi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mkono umefanya nini?"

Kijana akaeleza yote. Mzee akaichukua plaizi, akaitikisa karibu na sikio kama mtu apimaye yai bovu. Ikalia kwa kugongagonga.

"Mwanangu," akasema, "chombo hiki kilikuambia habari zake tangu siku ulipokinunua. Wewe hukukisikiliza."

Basi, msomaji, na sisi tujifunze kusikiliza kabla ya kutoa fedha.

Anza na kiungo

Uhai wa plaizi hii uko kiungoni. Zamani plaizi nyingi za kurekebishwa zilikuwa na tundu mbili tu, na pini yake ilipolegea, mdomo ulihama wenyewe katikati ya kazi. Mwaka 1933, Howard Manning, mhandisi wa kiwanda kimoja katika mji wa Meadville, Pennsylvania, huko Marekani, alibuni plaizi yenye mifereji upande mmoja na ndimi upande wa pili. Ulimi ukikaa ndani ya mfereji, nguvu ya mkono hubebwa na chuma kipana, si na pini peke yake. Kiwanda kile baadaye kilichukua jina la plaizi yenyewe, Channellock. Plaizi nyingine bora hupitisha mguu mmoja ndani ya tundu la mguu wa pili, hata ukashikwa pande zote mbili.

Dukani, hamisha kiungo hatua zote, moja baada ya nyingine. Kila hatua iingie na kukaa imara. Kisha shika mishikio, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza na hali bado ni mpya, itakuwaje baada ya mwaka?

Tazama meno na chuma

Shauri letu ni hili: uendapo dukani chukua kipande cha bomba la chuma mfukoni. Kikamate kwa plaizi, ukivute kwa nguvu, halafu utazame. Meno yakiacha alama kwenye bomba, ni magumu. Meno yenyewe yakibonyea, irudishe plaizi mezani, uage kwa heshima. Kumbuka pia kwamba meno mengi huchongwa kulalia upande mmoja. Ukiiweka upande huu huuma, ukiigeuza huteleza. Jaribu pande zote mbili kabla ya kuilaumu.

Chuma kilichofuliwa kwa nyundo za kiwandani hustahimili mvuto kuliko kile kilichomiminwa tu kalibuni. Alama ya Cr-V maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, nacho ni kizuri. Lakini alama si ushahidi kamili, kwa kuwa hata mdanganyifu ajua kupiga chapa. Yatazame mapengo, viputo na kingo zisizosawazishwa, kwani kazi mbaya haijifichi mahali pote.

Ukubwa upi?

Kwa kazi za nyumbani, plaizi ya inchi 10, yaani milimita 250, yatosha mambo mengi. Wengi hukosea hapa. Bomba liitwalo la nusu inchi hupimwa kwa tundu lake. Kwa nje bomba hilo la chuma lina milimita zipatazo 21, na nati yake ni pana zaidi. Kwa hiyo plaizi ndogo ya inchi 6 huweza kushindwa na kazi ambayo kwa jina yaonekana ndogo. Tena, mshikio mrefu huongeza nguvu bila kukutoa jasho. Ila usiuongeze kwa kuchomeka bomba, kwani ndivyo viungo vinavyovunjika.

Mpira si kinga ya umeme

Jambo hili twaliandika kwa mkazo, maana laweza kuondoa uhai. Mishikio mingi huvikwa mpira au plastiki ya rangi nzuri. Kazi yake ni kuulinda mkono usiteleze wala kuchubuka. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230, na mpira ule wa kawaida haukutengenezwa kuuzuia. Zana iliyopimwa kwa kazi ya umeme huwa na alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V. Usipoiona alama hiyo, usiguse waya kwa plaizi yako. Na hata ukiiona, zima swichi kuu kwanza.

Bei na udanganyifu

Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme plaizi mbovu ni shilingi 8,000, nayo yadumu miezi sita. Kwa miaka mitano utanunua kumi, nazo zitakula shilingi 80,000. Plaizi njema ya shilingi 40,000 ikidumu miaka hiyo mitano, umeokoa nusu. Na hapo hatujahesabu nati zilizonyonyoka, godoro lililolowa, wala mteja asiyerudi.

Hata hivyo, bei kubwa peke yake haitoshi. Majina yenye sifa, kama vile Knipex ya Wuppertal, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1882, ndiyo yanayoigizwa zaidi na waongo. Soma jina herufi kwa herufi. Nunua kwa mwenye duka utakayemkuta kesho, uchukue risiti. Ukiuziwa bidhaa bandia, wa kuwaendea ni Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bila risiti, shauri lako litakuwa maneno matupu.

Kama fedha hazitoshi, usione haya kununua iliyotumika. Plaizi ya zamani ya chuma chema, ambayo kiungo chake hakijalegea, yaweza kuipita mpya inayong'aa.

Itunze

Plaizi si nyundo, basi usigongee msumari. Baada ya kazi ya maji ikaushe kwa kitambaa, kisha utie kiungoni tone moja la mafuta ya cherehani. Wakati wa masika, mawingu yanapotanda juu ya Uluguru na kila kitu kikawa na unyevu, kutu haihitaji mwaliko. Meno yakijaa uchafu, yasugue kwa mswaki wa zamani.

Yule kijana alimwomba mjomba amkopeshe plaizi yake. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba kila jioni irudi safi na kavu. Baada ya miezi minne kijana alikuwa ameweka akiba ya kutosha kununua yake. Kabla ya kulipa aliitikisa karibu na sikio, na mwenye duka akacheka. Plaizi haikulia.

Msomaji, jioni ya leo kipindue kikopo chako. Itoe plaizi iliyomo, uitikise, usikilize inakuambia nini. Ni heri uyasikie maneno yake leo kuliko usiku wa maji.