Simba Mkubwa Aliyekaa Kwenye Droo

Wewe wa Makutano, na wewe wa Embu mjini, nikikuuliza simba maarufu wa huku kwetu utajibu haraka: Elsa, yule wa Mbuga ya Meru. Sawa. Sasa kuna mwingine, na kumbe si simba.

Jina lake la kisayansi ni Simbakubwa kutokaafrika. Eeh, ni Kiswahili hicho, hujasoma vibaya. Aliishi magharibi mwa Kenya takriban miaka milioni 22 iliyopita. Ni wa ukoo wa hayenodonti, wala nyama walioisha kabisa bila kuacha hata mjukuu. Simba ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande. Huyu alikuwa na tatu. Noma!

Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge kati ya 1978 na 1980, watu wakitafuta mabaki ya nyani wa kale. Ikapelekwa makumbusho ya Nairobi, ikawekwa kwenye droo. Ikakaa. Marais wakabadilika, ikakaa tu. Mpaka Matthew Borths, mtafiti Mmarekani, akafungua droo akakutana na meno makubwa kupita kiasi. Yeye na Nancy Stevens wakamtangazia dunia 2019.

Alikuwa na uzito gani? Hapo ndipo kuna shida. Tuko na taya, meno na mifupa michache tu. Ukipima kwa njia moja unapata karibu kilo 280. Kwa nyingine unafika 1,500. Simba dume wa leo ni kama kilo 190. Kwa hivyo ukiona mtandaoni mtu anaapa alikuwa mkubwa kuliko dubu yeyote, muulize kwanza: umepima mfupa gani?

Mimi chuo niliachia njiani, karo ilinishinda, kwa hivyo siwezi kukuambia digrii ni rahisi. Lakini huyu mnyama hakuhitaji kuchimbwa tena. Alihitaji mtu wa kuangalia. Jina letu, mifupa yetu, droo yetu, halafu macho yakatoka mbali. Hiyo ndiyo inaniuma.

Makumbusho ya Meru yako hapo mjini, na wengi wetu tuliingia mara ya mwisho na sare za shule ya msingi. Ingia tena, uulize maswali. Na kama nyumbani kuna mdogo wako anayeokota mawe akiyageuzageuza, usimwambie aache ujinga.