Kikombe Kilipomponyoka Baba

Hebu tuseme ni Jumapili mchana huko Rhotia, karibu na Karatu. Mmetoka kanisani, watoto wanacheza uani, nawe umemmiminia baba watoto chai. Anainua kikombe, kinamponyoka. Unapogeuka kumwuliza kulikoni, anajibu maneno yasiyoeleweka, na mdomo umekwenda upande. Unapiga yowe, jirani anakuja mbio. Lakini kabla hamjamaliza kumfungua vifungo vya shati, mkono umepata nguvu na ulimi umekuwa mwepesi. Anacheka. "Mama, ni uchovu wa shamba tu. Nipe chai nyingine."

Utafanyaje? Wengi wetu tungemimina ile chai. Tungemshukuru Mungu, na jirani angesema ni upepo mbaya umempitia. Kesho yake angeamka kwenda kuvuna mbaazi.

Kumbe kile kilichompata ni kiharusi kidogo. Mshipa wa damu kichwani uliziba kwa muda, kisha ukazibuka wenyewe. Kuzibuka huko si kupona. Mwaka 2000 madaktari wa California, Marekani, walitoa hesabu ya wagonjwa 1,707 waliofika hospitali na dalili za namna hii zilizokuja na kupita. Katika siku 90 zilizofuata, kama mmoja kati ya kila kumi alipata kiharusi kamili. Nusu yao walipigwa ndani ya siku 2 za kwanza. Kwa hiyo kama ilikuwa Jumapili, Jumatatu na Jumanne ndizo siku za kuogopa, nazo ndizo siku ambazo mgonjwa anajiona mzima na hataki kusikia habari za hospitali.

Msidhani haya ni maradhi ya matajiri wa ng'ambo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika vijiji vya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Walipolinganisha umri, walipata wagonjwa kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Hai ni wakulima kama sisi.

Sasa tuje kwenye dawa. Ndani ya damu mna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani. Ukijikata na kisu jikoni, hizo ndizo zinazoshikamana na kuziba jeraha. Tatizo ni kwamba zinaweza kushikamana pia ndani ya mshipa uliochakaa kwa presha au sukari. Aspirini huzizuia kwa njia moja, na dawa iitwayo klopidogreli huzizuia kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kiharusi kidogo alipewa aspirini peke yake. Madaktari wakajiuliza: je, tukizitumia zote mbili pamoja?

Wachina ndio waliopata jibu zuri la kwanza. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya wagonjwa 5,170 katika hospitali 114. Wote walianza dawa ndani ya saa 24. Nusu walipewa aspirini peke yake. Nusu walipewa dawa zote mbili kwa siku 21, kisha wakaendelea na klopidogreli tu. Hadi siku ya 90, katika kila wagonjwa 1,000 wa aspirini, 117 walikuwa wamepata kiharusi kingine. Katika kila 1,000 waliochanganyiwa dawa walikuwa 82. Kutokwa damu kwa hatari hakukuongezeka.

Tofauti hiyo ni ya watu 35. Wawekeni hao watu 35 kwenye mabenchi ya kanisa lenu, halafu mfikirie ni wake wangapi wangekuwa wanawageuza waume kitandani na kuwalisha uji kwa kijiko.

Mtu angesema basi dawa zote mbili zitumiwe daima. Hapana. Utafiti uliofanyika zaidi Marekani, uliotolewa mwaka 2018, uliwapa wagonjwa dawa hizo mbili kwa siku 90. Viharusi vilipungua tena, lakini safari hii waliotokwa damu vibaya waliongezeka, kama watu 5 katika kila 1,000. Madaktari walipochunguza zaidi waliona faida karibu yote ilikuwa katika majuma matatu ya kwanza. Na huko Uingereza na nchi nyingine chache walijaribu dawa tatu kwa pamoja kwa watu 3,096. Viharusi havikupungua, damu ndiyo iliyozidi kuvuja. Sisi wapishi tunajua habari ya chumvi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wapo wanaokimbilia dukani kununua aspirini mara tu mdomo ukienda upande. Msifanye hivyo! Kiharusi kipo cha mshipa kuziba, na kipo cha mshipa kupasuka, hasa kwa wenye presha kali. Kwa nje vinafanana. Mkimpa dawa hizi mtu anayevuja damu kichwani, mnaweza kummaliza. Kinachovitofautisha ni picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Zamani maana yake ilikuwa safari ya Arusha au Moshi, lakini siku hizi hospitali ya FAME hapo hapo Karatu inayo.

Najua mama wa Endulen au Nainokanoka atasema, "Huko Karatu nitafika lini? Gari la leo limekwisha kupita." Ni kweli, barabara za Ngorongoro si za mchezo. Lakini mwaka 2023 Wachina walitoa utafiti mwingine wa wagonjwa 6,100, walioanza dawa hadi saa 72 baada ya dalili. Bado viharusi vilipungua, ingawa waliotokwa damu waliongezeka kidogo. Kwa hiyo aliyepatwa Jumapili na akafika Jumanne bado ana cha kusaidiwa. Leo ni bora kuliko kesho, na kesho ni bora kuliko kukaa nyumbani.

Na nauli? Uza mbuzi. Baba akikataa, mwite mchungaji au kaka yake mkubwa aseme naye. Wanaume wengine husikia zaidi sauti ya mwanaume mwenzao. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, hivyo asiseme kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani.

Andika kwenye karatasi saa dalili zilipoanza na saa zilipokwisha. Chukua vidonge vyote anavyotumia, hata vya presha alivyoviacha njiani. Mweleze daktari kama ana vidonda vya tumbo, na usimwongezee dawa nyingine za maumivu bila kuuliza. Akipata choo cheusi kama lami, mrudishe siku hiyo hiyo. Kisha hesabu siku 21 kwenye kalenda ya ukutani, uzungushe ile ya mwisho kwa kalamu, na siku hiyo mrudi kliniki pamoja, daktari aseme ni kidonge kipi kinaachwa na kipi kinaendelea.