Boti Inapovujia Mkukuni

Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, haipakani na ziwa kubwa, yaani Nyanza (Viktoria). Maji yaliyo jirani nayo ni Ziwa la Kabaka, lile ambalo Kabaka Mwanga II wa Buganda alilichimbisha katika miaka ya 1880 akinuia kuliunganisha na Nyanza kwa mfereji, na mfereji haukufika. Hata hivyo, mwenye boti mbovu kule ufukweni Ggaba au Munyonyo si ajabu akaishia Katwe. Boti ni mbao na chuma, na ukitaka chuma Kampala unajua pa kwenda: kwenye cheche za kuchomelea, mageti yaliyoegemezwa kando ya barabara, na mafundi wanaokereza boliti ya kipimo chochote.

Shida ni kwamba wengi hutafuta dawa ya kupaka. Wameona maji yanaingia pale mwili wa chombo unapokutana na mkuku, ule uti wake wa chini, basi wanataka kitu cha kuziba. Lakini maji ya hapo mara nyingi hayaingii kwa sababu pana tundu. Yanaingia kwa sababu pana kitu kinacheza, na kinachocheza hakizibiki kwa kupakwa.

Mtumbwi wa visiwa vya Ssese umejengwa juu ya mkuku tangu zamani. Msafiri Henry Stanley alipokuwa kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1875 aliupima mmoja ukafika karibu mita 22, wenye nafasi ya wapiga kasia 64. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Siku hizi ni misumari. Maungio hukalafatiwa kwa pamba, kisha juu yake hupigiliwa utepe wa bati. Utepe huo hudanganya macho. Ubao wa kwanza kando ya mkuku ukilegea, bati hubaki liking'aa huku msumari ukiliwa na kutu chini yake. Bandua bati, choma ubao kwa ncha ya bisibisi: ukiwa mzima utagoma, ukiwa umeoza bisibisi itazama kama kwenye mkate uliolowa, na ikitoka italeta maji meusi.

Pia kuna kuvuja ambako si ugonjwa. Chombo kikikaa nchi kavu juani, mbao zake husinyaa, na kikirudi majini huvuja mpaka mbao zinywe maji na kubana tena. Anayeshindilia kalafati kwa nguvu wakati mbao zimekauka anajitafutia balaa: zikivimba hazina pa kwenda, zinasukumana na kung'oa misumari.

Mashua ya tanga ya faibaglasi ina mkuku mzito wa chuma au risasi, ulioning'inizwa kwa boliti. Hapo hatari ni kubwa zaidi, maana mkuku ndio unaoizuia isipinduke. Mei 2014 mashua ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, ikitoka Antigua kurudi nyumbani, iling'oka mkuku katikati ya Atlantiki, na mabaharia wote wanne wakapotea. Wachunguzi walisema kukwama chini mara kadhaa siku za nyuma, na matengenezo yaliyofuata, huenda vilidhoofisha pale mkuku ulipofungwa. Chuma kisichoshika kutu nacho si cha kuaminiwa kwa jina lake. Kikikaa kwenye maji yaliyotuama yasiyopata hewa, huliwa vishimo shingoni, ilhali kichwa cha boliti ndani ya boti kinameta.

Kwa hiyo kazi ya kweli huanza kwa kufungua. Boti hupandishwa na kuegemezwa vizuri, nati hulegezwa, mkuku hushushwa kidogo, gundi kuukuu hukwanguliwa yote, na angalau boliti moja hutolewa ikaguliwe. Ndipo gundi mpya ya poliyurethani hupakwa kwa wingi, mkuku unarudishwa, nati zinakazwa kiasi tu ili gundi isikamuliwe ikaisha. Ikishakauka, nati hukazwa mara ya mwisho.

Uganda ina mfano wa ujasiri wa kufungua. Mwaka 1878 mmisionari Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti, alikuwa njiani kuvuka ziwa kuja Buganda kwa mashua ya tanga iitwayo Daisy ilipovunjwa na dhoruba. Yeye na mwenzake Wilson hawakuziba nyufa. Walikata kipande cha futi 8 katikati, wakaunganisha mbele na nyuma, na mbao za kile kipande wakazifanya viraka. Iliwachukua wiki 8. Mashua iliyofupishwa ikawafikisha Buganda, na baadaye Mackay akawa na karakana ya uhunzi Nateete, si mbali na Katwe.

Ukienda Katwe kutengenezewa boliti, mchukulie fundi ile ya zamani hata ikiwa imelika, ili apime unene na uzi wake. Mwambie inabeba nini. Asiyejua kwamba ni ya mkuku atakupa chuma cha geti, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.