Uzito wa gari: Madereva wa mbio wanapunguza, familia tunaongeza

Huko Nürburgring, Ujerumani, kuna barabara ya mbio yenye urefu wa karibu kilomita 21. Siku ambazo hakuna mashindano, mtu wa kawaida anaweza kulipia na kuingia na gari lake. Wenye uzoefu, kabla ya kuingia, hushusha jeki, tairi la akiba, chupa za maji na chochote kilicholegea ndani ya gari.

Wanajua kuwa gari zito ni gumu kulisimamisha. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Kwa spidi ileile, gari la kilo 1,500 huzipa breki joto kwa nusu zaidi ya gari la kilo 1,000. Baada ya mizunguko kadhaa mafuta ya breki yanaweza kuchemka, dereva akakanyaga pedali ikazama huku gari likiendelea kwenda. Kwenye kona, uzito huohuo hulivuta gari nje ya barabara.

Mzazi, huenda hutaingia kwenye uwanja wa mbio maishani. Lakini tazama gari lako mnapokwenda kijijini mwisho wa mwaka: baba, mama, watoto watatu, gunia la mchele la kilo 50, mabegi manne. Hapo umeongeza zaidi ya kilo 300, kisha unateremka mlima Kitonga.

Kabla ya kuondoka, soma kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva. Mara nyingi huonyesha upepo wa tairi unaofaa gari likiwa na mzigo. Vitu vizito viweke chini kwenye buti, vikiegemea kiti cha nyuma. Mzigo mzito juu ya keria hulifanya gari liyumbe na lipinduke kwa urahisi zaidi.

Kwenye mteremko mrefu, ingiza gia ndogo mapema ili injini isaidie kulizuia gari. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikalegea, egesha mahali salama, uziache breki zipoe zenyewe.

Jambo la mwisho ni mtoto. Tuseme gari liko spidi 50, likagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu ya kumzuia mtoto wa kilo 10 asirushwe mbele inakuwa sawa na ya kubeba mzigo wa kilo 140. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kuhimili hilo, hata ampakate vipi. Mtoto mdogo akae kwenye kiti chake kilichofungwa vizuri, wakubwa wafunge mikanda, nyuma pia.

Kama nafasi haitoshi kwa kiti cha mtoto na gunia, gunia litumwe kwa basi.