Kizuizi cha Mvua: Kufunga Barabara ili Isife

Katika nchi za baridi kali, mabaraza ya miji hunyunyiza chumvi barabarani, kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi upesi. Huko Kakanda, mji wa machimbo ya shaba na kobalti upande wa Likasi, adui wa barabara si barafu bali ni mvua, inyeshayo takriban Novemba hadi Machi. Udongo ukilowa hulainika. Lori zito likipita huacha makorongo, nayo hugeuka mikondo ya maji. Kwa hiyo kamati za wenyeji zitunzazo barabara za udongo nchini Kongo hutumia kizuizi cha mvua, yaani mti unaolazwa kukingama njia, ili magari mazito yangoje saa kadhaa hadi ardhi ikauke. Kabla ya mvua, makantonie, vibarua watunzao barabara, huzibua mifereji na kuinua mgongo wa njia. Mfuko wa taifa wa matengenezo, FONER, uliundwa mwaka 2008. Dereva angojaye hunung'unika. Lakini barabara ikikatika, mgonjwa na mahindi hukwama pamoja. Basi kuifunga njia kwa saa chache ndiko kunakoiweka wazi msimu mzima.