Mtihani wa Sheria, Wahaka wa Mtahiniwa na Nafasi ya Kiswahili: Tajriba Kutoka Nyacheki

Utangulizi

Likizo moja ya Aprili nilirejea nyumbani Nyacheki, katika eneo la Bobasi, Kaunti ya Kisii, nikiwa na tasnifu isiyokamilika na matumaini ya kuikamilisha mbali na kelele za mji. Nilimkuta dada yangu mdogo amejifungia chumbani. Matokeo ya mtihani wa uwakili yalikuwa yametoka, naye alikuwa ameanguka karatasi mbili kati ya tisa. Kwa majuma mawili hakuwa amekanyaga kwenye kituo cha kupimia majani chai kwa kuwa huko kila mtu alimwita "Wakili". Jina hilo, alilopewa kwa mapenzi siku alipopata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu, lilikuwa limegeuka mwiba.

Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: mitihani inayomkabili anayetaka kuingia katika taaluma ya sheria, sababu za wahaka unaoandamana na mitihani hiyo, na mbinu za kujiandaa bila kuangamia. Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili? Jibu litajitokeza tunapoendelea, kwani niliyojifunza Aprili ile yalinirudisha kwenye somo letu wenyewe.

Mlango wa sheria na vizingiti vyake

Elimu ya sheria katika eneo letu haina umri mkubwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria, na Kenya School of Law ikaanzishwa mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha sheria mwaka 1970. Tangu hapo, kila nchi imejiwekea mlango wake na namna yake ya kuulinda.

Nchini Marekani, anayetaka kusomea sheria huwa tayari ana shahada ya kwanza, na kwa kawaida hufanya mtihani uitwao LSAT, ulioanza mwaka 1948. Alama zake huanzia 120 hadi 180, na kila sehemu huchukua dakika 35. Mtihani huo haupimi ujuzi wa sheria hata kidogo. Hupima uwezo wa kusoma kifungu kigumu na kuipambanua hoja iliyomo. Tangu Agosti 2024, sehemu ya mafumbo ya kimantiki iliyowatoa wengi jasho iliondolewa, yakabaki maswali ya ufahamu na ya uchanganuzi wa hoja. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Makerere nacho kiliwahi kuwatahini waombaji wa shahada ya sheria kabla ya kuwapokea.

Kenya imefuata njia nyingine. Anayemaliza kidato cha nne huingia shahada ya sheria kwa alama zake za KCSE. Kizingiti kikuu huja baada ya shahada, anapotaka kujiunga na Kenya School of Law iliyoko Karen, Nairobi. Jedwali la Pili la sheria ya mwaka 2012 inayosimamia chuo hicho lilitaja, miongoni mwa masharti mengine, alama ya C+ kwa jumla katika KCSE pamoja na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa shuleni kwamba Kiswahili kimetajwa kwenye mlango wa uwakili? Tafsiri ya masharti hayo imefikishwa mahakamani mara kadhaa, jambo linaloonyesha uzito wake kwa vijana wengi.

Baada ya kupokelewa, mwanafunzi husoma masomo tisa, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uhamishaji wa umiliki wa ardhi, uandishi wa nyaraka za kisheria na maadili ya uwakili. Kwa utaratibu aliosoma nao dada yangu, karatasi ya maandishi ilibeba asilimia 60 ya alama, huku mtihani wa mdomo na kazi ya mradi zikibeba asilimia 20 kila moja. Alama ya kufaulu ilikuwa 50. Mtihani wenyewe husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria.

Kuanguka katika ngazi hii si jambo geni. Mwaka 2022, Watanzania walishtuka matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania yalipotangazwa: kati ya watahiniwa 633, ni 26 tu waliofaulu masomo yote, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Mjadala ulikuwa mkali kiasi cha serikali kuunda kamati iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha tatizo. Nilipomwonyesha dada yangu takwimu hizo, alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe siko peke yangu." Hiyo ilikuwa kauli yake ya kwanza kuhusu mtihani tangu nifike.

Kiini cha wahaka

Wahaka wa mtihani si udhaifu wa tabia. Mwili unapohisi tishio, hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoka jasho na usingizi hupaa. Kwa kiasi fulani hali hiyo ina manufaa. Mwaka 1908, wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya na kuona kuwa msisimko ukiwa wa wastani hujifunza vyema, lakini katika kazi ngumu msisimko ukizidi utendaji hudorora. Kwa binadamu, mawazo ya hofu hujaza ile nafasi finyu ya akili ambayo mtahiniwa angeitumia kushikilia swali, kanuni na hoja kwa pamoja. Ndiyo maana mtu hutoka chumba cha mtihani na kukumbuka jibu akiwa mlangoni.

Hata hivyo, wahaka wa kijijini una sura nyingine ambayo haimo katika vitabu vya saikolojia. Karo ya dada yangu ilitokana na majani chai ya mama, mchango wa harambee na mkopo wa baba mdogo. Kila aliyetoa shilingi alikuwa na hisa katika matokeo. Mtoto wa namna hiyo haanguki peke yake. Huhisi kuwa ameangusha ukoo mzima. Mzigo huo haupunguzwi kwa kumwambia "jikaze". Hupungua pale wenye hisa wanapojua ukweli na kuupokea. Jioni moja mama alimwita jikoni na kumwambia, "Mwanangu, nilikupeleka shule usome. Sikukupeleka uniogope." Kesho yake dada alipeleka majani chai kituoni mwenyewe.

Mbinu za maandalizi

Tulipoketi kuchunguza namna alivyosoma awali, tuligundua kwamba alikuwa amefanya bidii kubwa katika njia isiyofaa. Alisoma maelezo yake mara nne, mara tano, akipiga mistari kwa kalamu za rangi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, lakini hisia hiyo hudanganya. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha waliosoma kifungu tena na tena na waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walitangulia. Baada ya juma moja, waliojijaribu waliwapita kwa umbali mkubwa. Kwa kuwa mtihani hauji baada ya dakika tano, funzo hapo ni bayana.

Tulikubaliana juu ya utaratibu ufuatao:

Kwanza, kufunga daftari na kuandika yote anayoyakumbuka kuhusu mada, ndipo alifungue na kusahihisha.

Pili, kutawanya mada. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe utafiti wake mwaka 1885, inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi huimarisha kumbukumbu. Mada ya Jumatatu ilirudiwa Alhamisi, kisha juma lililofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kujibu mitihani ya miaka iliyopita kwa saa, mezani, bila simu. Mwili uliozoea mazingira ya mtihani hauyaogopi kama mgeni.

Nne, kulala. Kumbukumbu huimarika usingizini, na anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hujipokonya alichokichuma.

Kiswahili kama nyenzo

Mbinu ya tano tuliivumbua bila kukusudia. Karatasi mojawapo aliyoanguka ilikuwa ya mirathi. Siku moja mama akichambua chinsaga, dada alijaribu kumweleza alichokuwa akidurusu. Alianza kwa istilahi za Kiingereza, akakwama. Akaanza upya kwa Kiswahili, akichanganya na Ekegusii palipohitajika: mtu akifariki bila wosia na kumwacha mke na watoto, Sheria ya Urithi, kifungu cha 35, humpa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kuitumia mali iliyosalia maishani mwake. Aidha, kifungu cha 45 humkataza mtu yeyote kuishika, kuiuza au kuiingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria.

Mama aliweka mboga chini. "Na hiyo idhini hupatikana wapi?"

"Mahakamani. Huitwa barua za usimamizi wa mirathi."

"Basi mbona sisi hatuna, na baba yenu alituacha miaka sita iliyopita?"

Hatukuwa na jibu. Shamba la majani chai lililotusomesha lingali na jina la marehemu kwenye hati, na sote wawili, mmoja mwanasheria na mwingine mwanafunzi wa uzamili, hatukuwahi kuliwazia. Kuanzia jioni hiyo, mirathi haikuwa tena mada ya mtihani. Dada aliorodhesha nyaraka zinazohitajika, akaeleza hatua kwa hatua, na mama akamhoji kuliko mtahini yeyote. Palipokuwa na pengo katika maelezo, swali la mama lilitua papo hapo.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa idara za Kiswahili. Anayeweza kulieleza wazo kwa lugha ya msikilizaji wake amelielewa. Anayeweza kulitaja kwa istilahi tu huenda amelikariri. Isitoshe, stadi zinazopimwa na mitihani ya sheria ni zile tunazofundisha katika ufahamu na ufupisho, sehemu ambazo katika karatasi ya pili ya KCSE hubeba alama 15 kila moja na ambazo wanafunzi wengi huzidharau. Kutenga hoja kuu na mfano, kutambua dai lisilo na ushahidi, kulifupisha jambo bila kulipotosha: hiyo ndiyo kazi ya wakili, na ndiyo kazi ya mhakiki wa fasihi.

Hali kadhalika, Kiswahili kina nafasi mahakamani kwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, ilhali ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo wakili atakayesimama katika mahakama ya Ogembo au Kisii bila Kiswahili kizuri atakuwa amejiandaa nusu nusu.

Siku yenyewe

Wahaka hauishi kabisa, na haifai kuusubiri uishe. Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Ni haki kuongeza kwamba watafiti waliorudia jaribio hilo, katika mradi uliochapishwa mwaka 2018, hawakupata matokeo yale yale. Dada alilijaribu hata hivyo, kwa kuwa halimgharimu mtu chochote zaidi ya karatasi. Pumzi za polepole, chakula chepesi, kuwahi kufika na kuanza na swali analolimudu ni mambo madogo yenye tija.

Lakini pana hali ambayo mbinu hizi haziitoshelezi. Mtu akikosa usingizi kwa majuma, akaacha kula, akajitenga au akaanza kusema kwamba heri asingekuwepo, hilo si suala la ratiba ya kudurusu. Aandamane na mtu anayemwamini hadi kwa mshauri nasaha wa chuo au kwenye kituo cha afya, na asiachwe peke yake. Hakuna karatasi ya mtihani yenye thamani ya uhai.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtihani wa sheria hupima kusoma na kufikiri kabla ya kupima kukariri, kwamba wahaka wake una mizizi mwilini na katika jamii, na kwamba lugha tunayoisomea ni nyenzo ya maandalizi. Ninapendekeza vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wenzao wa sheria kuandaa vipindi vya kueleza vifungu vya sheria kwa Kiswahili. Wao watadurusu, nasi tutakuza istilahi.

Dada yangu alirudia karatasi zake mbili. Ile ya mirathi aliifaulu. Ile ya ardhi ilimshinda tena, naye anajiandaa kwa mara nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama alikwishawasilisha ombi lake mahakamani, kwa nyaraka zilizopangwa na binti yake. Kwenye kituo cha kupimia majani chai bado wanamwita "Wakili", naye siku hizi huitika.