Nebula ya Carina Juu ya Migodi ya Kolwezi

Mwanzoni mwa Mei, mvua zikishakatika mkoani Lualaba, kusini mwa Kongo, anga la Kolwezi hung'aa kwa wiki chache kabla moshi wa mioto ya porini na vumbi la barabara za migodi havijalifunika tena. Katika wiki hizo, yapata saa mbili na nusu usiku, nebula ya Carina hufika kilele cha njia yake upande wa kusini, kulia kwa Msalaba wa Kusini. Kwa macho matupu ni ukungu mdogo mweupe ndani ya Njia ya Maziwa. Kamera ya kawaida ikisimamishwa vizuri huonyesha kwamba ukungu huo ni mwekundu, na kwamba umejaa nyota changa.

Nebula ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Hii ya Carina iko mbali nasi kati ya miaka-nuru 7,500 na 8,500, na upana wake angani unazidi mwezi mpevu mara nne. Mwanga unaoingia kwenye lenzi leo uliondoka huko zamani sana. Ni kabla hata ya ushahidi wa kale zaidi wa binadamu kuyeyusha shaba, ambao una umri wa miaka 7,000 hivi.

Ndani ya wingu kuna makundi ya nyota, maarufu zaidi yakiwa Trumpler 14 na Trumpler 16. Yana jina la Robert Trumpler, mwanaanga mzaliwa wa Uswisi aliyechapisha orodha ya makundi hayo mwaka 1930. Nyota zake ni kubwa, zenye joto kali na za juzi tu: wakati Jua letu lina miaka bilioni 4.6, umri wa Trumpler 14 hauzidi miaka milioni moja hivi. Miale yake ya urujuanimno huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomu za haidrojeni, na elektroni zinaporudi mahali pake, gesi hutoa mwanga mwekundu. Jicho la mtu gizani halitambui rangi hiyo kwa sababu ni hafifu mno. Kamera huitambua kwa kuwa inaweza kukusanya mwanga polepole, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha matone.

Tatizo la kwanza ni kwamba Dunia inazunguka. Kamera iliyotulia juu ya miguu mitatu ikifungua shata kwa muda mrefu, kila nyota hugeuka mstari. Hapa Carina ina nafuu yake: kwa kuwa iko karibu na ncha ya kusini ya anga, nyota zake huhama kwenye picha kwa nusu ya kasi ya nyota za ikweta ya anga. Kwa lenzi ya milimita 50, mpiga picha anaweza kuacha shata wazi kwa sekunde 8 hivi bila kuharibu picha.

Sekunde 8 hazitoshi kwa picha moja, kwa hiyo hupigwa nyingi. Picha 300 za sekunde 8 ni sawa na dakika 40 za mwanga. Programu zisizolipiwa kama Siril na DeepSkyStacker huzipanga moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Mwanga wa nebula hujumlika, huku chengachenga zinazotokana na kamera yenyewe zikipungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: kwa picha 300, mara 17 hivi. Picha zihifadhiwe ghafi bila kubanwa, na fokasi iwekwe kwa mkono kwa kukuza nyota angavu kama Canopus kwenye skrini hadi iwe nukta ndogo kabisa.

Mwenye uwezo hununua mota inayoifuata anga. Ili ifanye kazi, mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga. Watu wa kaskazini wana Nyota ya Kaskazini ya kuwaongoza. Kolwezi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, hivyo ncha ya kusini ni nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, huonekana kwa shida hata pasipo vumbi. Dira na kipima mwinamo vya simu husaidia kuanza, kisha mtu hurekebisha kwa kutazama nyota zinavyoteleza.

Tatizo la pili ni taa. Migodi ya Kolwezi hufanya kazi usiku na mchana, na vumbi huusambaza mwanga wake hadi juu. Kwa kuwa Carina iko kusini, afadhali kusimama kusini mwa mji ili taa zibaki mgongoni. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika, mitaa huzidi kuwa na giza, ijapokuwa taa za migodi yenye jenereta zake hubaki. Kamera usiku karibu na uzio wa mgodi huwatia walinzi wasiwasi. Ni busara kumwarifu chifu wa kijiji mapema na kukaa mbali na maeneo ya kampuni.

Afya nayo ina sehemu yake. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huyarudisha mwanzo, kwa hiyo wapiga picha hutumia tochi nyekundu. Juni na Julai halijoto ya nyanda za juu inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na penye maji kuna mbu wa malaria: makoti, suruali ndefu na dawa ya kupaka ni vifaa kama lenzi.

Ndani ya Trumpler 16 kuna nyota ambayo kwa Kolwezi ina maana ya pekee. Eta Carinae ni nyota mbili zinazozungukana kwa miaka mitano na nusu, na kubwa kati yake ina uzito wa Jua mara 100 hivi. Desemba 1837, John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliiona ikiwaka ghafla. Mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa mwangaza katika anga zima la usiku, nyuma ya Sirius tu. Ilinusurika mlipuko huo, lakini siku moja italipuka kabisa.

Milipuko ya mwisho ya nyota kubwa kama hiyo hutengeneza kobalti. Ile iliyoonekana Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan ilitoa miale ya gama ya kobalti-56, nayo ikapimwa na setilaiti mwaka huohuo. Kisha mwanga wa mlipuko ukafifia kwa kasi ileile ambayo kobalti hiyo hugeuka chuma, nusu yake kila siku 77. Kobalti inayochimbwa Kolwezi na kuingia kwenye betri za simu na kamera ni ya aina nyingine, kobalti-59 isiyooza, lakini nayo ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Tangu karne iliyopita Eta Carinae imekuwa ikiongezeka mwangaza tena, na leo huonekana bila darubini. Mwenye picha nzuri anaweza kuilinganisha na nyota jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, kisha akatuma kipimo chake kwa AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, ambacho hupokea vipimo vya wapenzi wa anga kutoka nchi yoyote. Kipimo kikirudiwa kila mwezi, kuanzia Mei hadi Carina inapozama mapema mno mwezi Agosti, huongeza alama halisi kwenye mchoro wa mwangaza wa nyota hiyo.